Saa za Kula Mji Mkongwe

Anayetaka kumjua mtembeza wageni mzuri wa Mji Mkongwe asianze na bei, aanze na saa. Amwambie: nataka kula wanachokula watu wa hapa, tukutane saa ngapi? Akijibiwa kwamba saa yoyote ni sawa, bwana mkubwa, wewe tu, basi amshukuru na aendelee na safari yake. Akijibiwa kwa maswali, kesho ni siku gani, utaamka mapema au utalala, pilipili unaiweza, hotelini kwenu chai wanakupa saa ngapi, hapo pana mtu anayeijua kazi.

Chakula cha Unguja kina saa zake na hakimngoji mtu. Supu na chapati ni vya asubuhi. Vitumbua vya saa moja huchoma vidole. Ukija saa nne utakuta sinia limeshaoshwa. Urojo ni wa baada ya alasiri. Mkate wa ufuta hutoka jua likielekea kuzama, na kahawa ya dele ina nyakati zake mbili, alfajiri watu wanapotoka msikitini na usiku baada ya isha. Pilau na biriani utavipata mgahawani siku yoyote, lakini Ijumaa mchana ndipo vinapopikwa kwa nia. Sasa tazama matangazo ya matembezi ya chakula yaliyobandikwa kwenye kaunta za hoteli. Mengi huanza saa nne asubuhi na kwisha saa saba. Saa hizo zimepangwa kufuatana na chai ya hoteli, na ndizo saa ambazo mji umeshakula cha asubuhi na haujaanza cha mchana. Mgeni atapewa nini basi? Atapewa kilichopikwa kwa ajili yake, mahali panapongoja watu wa namna yake, na ataambiwa kwamba hicho ndicho chakula cha mtaani.

Kwa hiyo ninapoisifu kazi ya kutembeza watu kwa chakula, siisifu ile ya kushika mwavuli juu na kuhadithia masultani. Naisifu ile ya kupanga, ambayo ikifanywa vizuri haionekani kabisa. Mgeni hudhani amebahatika: kafika benchi likiwa na nafasi, sufuria ndiyo kwanza inaepuliwa, bibi yuko na uso mkunjufu, na tumbo bado lina pa kuweka kitu kimoja zaidi. Hakuna bahati hapo. Kuna mtu aliyepita jana yake jioni, akauliza nani atapika na nani hatapika, akahesabu vichwa, akapima mwendo wa watu wasiozoea joto kutoka kichochoro kimoja hadi kingine.

Yupo dada mmoja, mzaliwa wa mitaa ya Vikokotoni, ambaye nimefuatana naye akiwa na wageni wake. Kitambulisho cha mtembeza wageni anakivaa shingoni kama sheria inavyotaka, na mgeni yeyote ana haki ya kuomba kukiona, kwani Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar inatoa leseni kwa kazi hiyo, na leseni ndiyo inayomtenga mwenye kazi na papasi wa bandarini. Lakini kitambulisho kinasema tu kwamba mtu ameruhusiwa. Hakisemi kama anajua ni nani kaacha kukaanga vitumbua wiki hii kwa sababu anauguza mama yake, wala nani kabadilisha mafuta. Ujuzi huo hauna cheti, nao ndio mgeni anaoulipia, ajue asijue.

Dada huyu huanzia Darajani, mapema. Soko lile lilijengwa mwaka 1904 na likapewa jina la Estella, kando ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Daraja la kuuvukia ndilo lililoupa mtaa jina. Hayo anayasema kwa sentensi mbili, akitembea, bila kugeuka. Kisha anafanya jambo ambalo sijaliona kwa mtembezaji mwingine: ananunua. Ana mkoba wa ukindu begani na mahitaji ya nyumbani kwake kichwani. Anatafuta samaki wa mchana wa watoto wake, na wageni wanamfuata nyuma.

Pale mnadani, dalali anapopandisha bei ya fungu la changu, wageni wa dada hawasimami katikati na simu zao mikononi. Amewapanga ukutani, mahali ambapo dalali anaweza kuonana na wanunuzi wake bila mtu kuwakinga. Mnunuzi mzoefu hapazi sauti, anainua kidevu tu, na mgeni anayekikinga kidevu hicho amemharibia mtu riziki ya siku. Huko kwenye ndimu dada anatajiwa bei, anaguna, anaomba aongezwe mbili, anaondoka, anaitwa, anarudi. Wageni wanatabasamu, wakidhani wameonyeshwa namna ya kupatana bei. Hawakuonyeshwa kitu. Ndimu zilikuwa zinahitajika. Na kwa kuwa zilikuwa zinahitajika, wauzaji hawawahesabu wale watu kuwa watazamaji, wanawahesabu kuwa wageni wa mteja wao. Mgeni wa mteja hupewa kipande cha doriani aonje. Huambiwa pia ukweli, kwamba leo nguru si wa kununua, kusi limevuma siku ya tatu na ngalawa zilizotoka ni chache.

Niliwahi kumsikia mgeni mmoja akimng'ang'ania juu ya pweza. Amesoma mahali kwamba pweza wa nazi ndiye chakula cha Zanzibar, na anamtaka leo. Dada akamuuliza kama ameuona mwezi jana usiku. Mgeni hakuelewa swali. Pweza hutafutwa maji yakitoka mbali, wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka. Hapo wanawake wa Paje, Jambiani na Makunduchi huingia miambani na vijiti vyao, wakichungulia mashimo, na anayepatikana hupigwapigwa chini mpaka alainike. Katikati ya bamvua mbili kuna siku za maji mafu, mwamba haukauki vya kutosha, na pweza anayeuzwa siku hizo mara nyingi ametoka kwenye friji. "Yupo," dada akamwambia, "nitakupeleka ukimtaka. Lakini nikikudanganya kwamba wa leo, kesho utamla wa kweli kwa mtu mwingine ukanisema." Mgeni alichagua dagaa wa kukaanga. Mtembezaji anayeweza kukataa kukuuzia kitu ulichokuja nacho kichwani ni wa kushika kwa mikono miwili.

Kutoka sokoni wanaingia kwenye kichochoro cha supu, na hapa ndipo matembezi mengi yanapoharibikia. Mgeni ameamka na njaa, supu ya mbuzi inanukia, chapati ziko moto, chai ina iliki na tangawizi, na mtembezaji asiyefikiri anamwacha ajifurahishe. Saa mbili na nusu mgeni ameshiba. Vilivyobaki siku nzima atavionja kwa adabu tu, na jioni ataandika kwamba vyakula vya Zanzibar ni vizito. Dada anaagiza chapati moja kwa watu wawili na supu nusu bakuli. Anakamua ndimu mwenyewe, anaionja kwanza ya kwake, ndipo anapowasogezea. Wakiomba ya pili anasema ipo, inakuja, na anaanza kuzungumza habari nyingine mpaka wamesahau. Muuza supu anamjua, hakasiriki kuuza nusu, maana analipwa bakuli zima. Baada ya hapo ni kitumbua kimoja kimoja, cha kuliwa wima, na ifikapo saa tatu na nusu anawarudisha hotelini walale.

Walale. Nadhani hilo ndilo jambo la busara kuliko yote anayofanya, na kampuni kubwa haziwezi kulifanya, kwa sababu gari na dereva hulipwa kwa siku na mgeni akilala gari linakula fedha. Yeye hana gari. Amekata siku vipande viwili, asubuhi na jioni, kama mji wenyewe unavyoikata, na mchana wa jua kali ameuachia watu wa nyumbani.

Hachukui zaidi ya watu wanne. Nilidhani ni kwa ajili ya vichochoro, ambavyo ni vyembamba kweli. Baiskeli ikija, watu hubandika migongo ukutani. Akaniambia ni kwa ajili ya benchi. Benchi la bibi wa urojo lina nafasi ya watu watano. Akileta wanne, hubaki nafasi moja ya mtu wa mtaa, na huyo mtu wa mtaa, mwanafunzi ametoka skuli au fundi amefunga kazi, ndiye atakayeonyesha jinsi ya kula bila kujua kwamba anafundisha. Akileta watano, benchi limekuwa la wageni. Akileta kumi, bibi ataanza kupika pilipili kidogo, atanunua vijiko vipya, na baada ya muda ataandika ubao. Wako waliokwisha kuandika. Siwalaumu, biashara ni biashara, lakini mla urojo wa mtaa huo amehamia kwingine.

Kabla ya kufika anawakumbusha kusalimia. Si kusalimia kwa kupunga mkono, ni kusimama na kusema shikamoo bibi, na kungoja jibu. Kwetu mtu hachungulii sufuria ya mwenzake kabla ya kumsalimu mwenyewe. Bibi anaitika marahaba, karibuni wanangu, kaeni, na kuanzia hapo mambo hubadilika. Wale wanaopita na kuanza kupiga picha mabakuli huhudumiwa pia, haraka, na hakuna anayewauliza wametoka wapi.

Bibi amekaa kwenye kigoda. Sufuria iko kuliani kwake, mabeseni kushotoni, vyote kwa umbali wa mkono, hata hana haja ya kunyanyuka. Mchuzi ni wa manjano, umetiwa unga ukakorogwa mpaka ukawa mzito kiasi cha kuacha utando kwenye upawa, na uchachu wake ni wa embe mbichi na ndimu. Anapotia bakuli huwa anazungumza na mtu mwingine. Kwanza viazi vya kuchemsha, ambavyo havikati kwa kisu, anavivunja kwa mgongo wa kijiko, kwani kiazi kilichovunjika kinashika mchuzi na kilichokatwa kinautelezesha. Zinafuata bajia, kachori moja aliyoibonyeza kidogo kwa kidole gumba, yai kwa anayelitaka, na nyama ya mshikaki inayochopolewa kijitini kwa mkupuo mmoja. Ndipo mchuzi, unaomiminwa ukingoni mwa bakuli ili usiipige kachori ikasambaratika. Juu yake chatini ya nazi, kisha pilipili, na mwisho kabisa konzi ya chipsi za muhogo zilizokwaruzwa nyembamba. Zingetangulia zingelowa. Zikija mwisho zinabaki kavu kwa muda mfupi sana, na mlaji anayejua huanza nazo, nusu zikiwa kavu na nusu zimeshaanza kunywa mchuzi.

Dada katika muda huo wote hasemi kitu. Hiyo ni kazi ngumu kwa mtu ambaye riziki yake ni kuzungumza. Watembezaji wengi humweleza mgeni chakula kabla hajakionja, wakamtajia viungo kumi na historia ya karne nne, na kijiko cha kwanza kikifika kinywani kimepoa. Yeye anangoja bakuli lifike nusu. Mgeni mwenyewe ndiye anayeuliza: hiki ni nini? Hapo anajibu, na anajibu hicho kimoja tu. Bajia na kachori ni za Wahindi waliokuja kufanya biashara na wakakaa. Muhogo na pilipili asili yake ni Amerika, na Wareno walikuwa na mkono katika kuvileta pwani hii. Nazi ni ya hapa, ingawa ukirudi nyuma zaidi nayo ilikuja kwa bahari. Kila jahazi lililosukumwa na kaskazi limeacha kitu ndani ya bakuli lile.

Ndiyo maana sina subira na wageni wanaotaka chakula ambacho hakijaguswa na mtu, na sina subira zaidi na kampuni zinazowauzia. Zanzibar haina chakula cha namna hiyo. Boko-boko, ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikawa kitu kimoja, ina ndugu yake Oman na Ghuba yote. Halua inapikwa Wete na inapikwa Maskati. Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 kwa sababu hiyo hiyo ya watu kuchanganyika, na jiko lake haliwezi kuwa tofauti na kuta zake. Swali la maana kwangu ni nani mwingine anakula hapo, na kama angekula leo hata mgeni asingetokea.

Kwa kipimo hicho hata Forodhani haipaswi kubezwa, ingawa kuibeza ndiyo fasheni siku hizi. Watu wanaojiona wajuzi humwambia mgeni asikanyage Forodhani, pale ni pa watalii tu. Bustani ile ilitengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultan Khalifa bin Harub, ikatengenezwa upya na shirika la Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, na nenda jioni ya sikukuu uone ni nani wamejaa: familia kutoka Ng'ambo na mashamba, watoto wamevaa nguo mpya, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani. Dada huwapeleka wageni, ila kwa mambo mawili tu. La kwanza ni maji ya miwa, yanayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako. La pili ni kuutazama mkono wa mtengeneza Zanzibar pizza. Donge la unga uliolowa mafuta linatandazwa ubaoni kwa viganja mpaka unaona mbao chini yake. Katikati kipande kidogo cha unga mwingine, kisha kima, vitunguu, jibini, yai linalovunjwa humo humo na kukorogwa kwa ncha ya kijiko bila kutoboa chini. Pembe nne zinakunjwa na kitu kizima kinatua kwenye chuma cha moto kwa upande wa mikunjo. Mtu wa Mombasa akikitazama atakuambia huo ni mkate wa mayai umebadili jina na kuongezewa madoido. Atakuwa hajakosea sana. Kwa mishikaki ya samaki kanuni ni ile ya kila mahali: nunua kwa yule ambaye makaa yake yana kazi, si ambaye meza yake imepambwa.

Mkate wa ufuta anauonyesha njiani kuelekea huko, na mimi huchelewa hapo kila mara. Mpishi ana bakuli la unga laini uliotiwa tui na hamira, umeumuka mpaka una mapovu. Anautwaa kwa mkono uliolowa maji, anautandaza kwenye kikaango kilichopata moto, maana mkono mkavu ungeganda. Upande wa chini ukishashika anapaka juu, ananyunyiza ufuta, halafu anakipindua kikaango kizima kichwa chini juu ya makaa. Mkate hauanguki. Umejishikilia kwenye chuma, na uso wake unaiva kwa kutazamana na moto. Kinachohitajika ni kujua sekunde ambayo umeshika vya kutosha ili usidondoke lakini haujaungua chini, na hakuna anayeweza kuieleza sekunde hiyo. Niliuliza. Mpishi alisema, "Utasikia." Dada alicheka, akamwambia huyu ni mtu wa magazeti, hasikii.

Zipo namna nyingine za matembezi zinazouzwa pamoja na haya. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yanafaa kwa anayetaka kuona pilipili manga ikiupanda mti na mdalasini ukibanduliwa, na ukiwahi msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa majamvini mbele ya nyumba. Hapo kijana atakwea mnazi akiimba na utavikwa kofia ya makuti; lipia na ufurahi, ni maonyesho na hayajifichi. Muhimu zaidi uliza kama mwishoni mtakula, na nani atapika. Wali wa viungo unaopikwa na mama wa shamba lile lile, ukaliwa mkekani, una thamani kuliko kunusa majani kumi na tano na kuondoka na vipakiti.

Chakula cha nyumbani kwa mtu ni jambo la tahadhari kidogo. Kuna nyumba zinazopokea wageni kwa fedha, na hilo si aibu. Dada anazo mbili tatu anazoziamini, na sharti lake ni kwamba wenye nyumba wakae wale pamoja. Nyumba ambayo mama anapika, anatenga, kisha anajitia jikoni wakati wageni wanakula na mtembezaji wao, hiyo ni mgahawa usio na leseni. Picha za jikoni haruhusu mpaka mama mwenyewe aseme, na mama akisema ndiyo kwa kuona haya tu, dada analijua hilo na anajibu kwa niaba yake kwamba hapana.

Mwezi wa Ramadhani kalenda yake yote inageuka. Matembezi ya asubuhi hayapo. Wapo watakaokubali kukupeleka mchana ukale mahali palipofungwa mapazia, na hoteli za wageni huendelea na shughuli zake, lakini hayo hayana uhusiano na chakula cha mji. Yeye humwambia mgeni aje nusu saa kabla ya magharibi, akiwa na kiu yake, asimame Darajani aone watu wanavyoharakisha na vifurushi vya mihogo, tambi, sambusa na mkate wa kumimina. Halafu adhana. Mgeni anapewa tende na maji wakati huo huo na kila mtu, ndipo uji, ndipo vingine. Kwa maoni yangu hakuna mwezi bora wa kula Unguja kuliko ule ambao matangazo ya hoteli huuruka.

Na wala haya si ya Zanzibar peke yake. Anayekwenda Mombasa, Mji wa Kale, atajua mtembezaji wake kwa njia ile ile: kama anamwamsha kwa mahamri na mbaazi, au anamwambia atayala saa sita mchana kwa kuwa ndipo basi linapofika.

Lililobaki ni fedha. Uliza bei ya matembezi inajumuisha nini, na uliza wauzaji wanalipwaje. Wako wanaolipa mwisho wa mwezi, wako wanaomwambia bibi kwamba malipo yake ni kutangazwa. Dada hulipa pale pale, noti mkononi, mbele ya wageni, kwa bei ya mtaa pamoja na kilichozidi kwa usumbufu wa benchi, na risiti yake ni neno la bibi, "imefika." Matembezi yake ni ghali kuliko ya kaunta ya hoteli. Hesabu si ngumu: watu wanne badala ya kumi na wawili, siku moja iliyokatwa mara mbili, bakuli zima linalolipiwa kwa nusu iliyoliwa. Anayeuza nafuu amepunguza mahali fulani, na mara nyingi amepunguza kwa bibi.

Kituo cha mwisho ni kahawa, kwenye kona ambayo wanaume huketi barazani wakicheza bao na kugombana juu ya mpira. Hapo dada hawaagizii. Anawapa fedha ndogo ndogo, anawafundisha sentensi moja kwa dakika mbili, na kubaki nyuma. Jioni niliyokuwapo alitumwa bwana mmoja mrefu kutoka Uholanzi. Aliinama, akasema vizuri kabisa, "Shikamoo mzee, naomba kahawa nne." Mzee akaitika marahaba, akainua dele, akajaza vikombe, kisha akamuuliza kama anataka na kashata, za karanga au za nazi. Hilo hakufundishwa. Baraza zima likaanza kumshauri kwa pamoja.